Daftari la Wageni Lisiloonekana: Sera ya Faragha Inavyoandikwa

Ukifika gesti yoyote ya barabarani Tanzania, iwe Makambako, Singida au Mtwara, kabla hujapewa ufunguo unasukumiwa daftari. Jina, kabila, kazi, unakotoka, unakokwenda, namba ya simu, sahihi. Unajaza huku macho, upende usipende, yakisoma mstari wa juu yako: mwalimu katoka Songea, anakwenda Iringa, kalala chumba namba 4. Atakayekuja baada yako atakusoma wewe. Daftari likijaa linatupwa chini ya kaunta, na siku kurasa zake zikionekana stendi zimefungia karanga hakuna wa kushtuka.

Pamoja na kasoro zake zote, daftari lile lina uungwana mmoja: mgeni analiona. Anajua ameulizwa nini, kalamu anaishika mwenyewe, na asipotaka kutaja kabila lake anapiga kistari tu na mhudumu hamsumbui. Tovuti nayo ina daftari la wageni. Mgeni wa tovuti haoni linapojazwa, na kalamu imeshikwa na watu asiojua kama wamo chumbani. Wengi hawalitarajii hili la tatu: mara nyingi hata mwenye nyumba hajui kilichoandikwa humo. Sera ya faragha ndiyo karatasi inayopaswa kumwambia mgeni kwamba daftari lipo, lina safu gani, nani wanalisoma na litachomwa lini.

Kusema hivyo ni rahisi. Mimi nilijifunza kwa kuumbuka.

Ndugu yangu mmoja ana nyumba ya wageni ya vyumba sita Pangani, ufukweni. Alipotengenezewa tovuti, fundi alimwambia kila kitu kiko tayari isipokuwa ukurasa wa sera ya faragha, na kazi hiyo nikatupiwa mimi kwa kuwa "wewe ndiye mwandishi". Nikafanya wanalofanya wengi. Nikatafuta sera ya hoteli moja kubwa ya ng'ambo, nikanakili, nikabadilisha jina, nikaenda zangu. Ilipendeza. Ilikuwa ndefu, ina vifungu vyenye namba, inanukia uwakili. Baada ya miezi kadhaa mgeni mmoja Mjerumani akaandika barua pepe ya adabu kabisa. Alikuwa ameona katika kifungu cha tisa kwamba wakazi wa California wanaweza kupiga simu ya bure wakitaka taarifa zao zifutwe. Je, yeye wa Hamburg apige namba ipi? Namba iliyoandikwa pale ilikuwa ya ile hoteli kubwa.

Kosa langu lilikuwa kuanza na karatasi kabla ya kuikagua nyumba. Sera ya faragha ni maelezo ya mambo yanayotendeka mahali fulani, na unaponakili ya mwenzio unaeleza yanayotendeka kwake. Ahadi alizotoa yeye zinakuwa zako, na siku mtu akizidai huna cha kumwonyesha. Tovuti isiyo na sera kabisa imekaa kimya tu; yenye sera ya kunakili imekwisha kutoa ushahidi wa uongo, tena kwa maandishi, dhidi ya mwenyewe.

Nianze na kuki, kwa sababu ndizo zinazotajwa sana na kueleweka kidogo. Google, katika kurasa zao za Kiswahili, huziita vidakuzi, neno ambalo masikioni limekaa jirani na udukuzi na pengine limeongeza hofu pasipo sababu. Mimi nitabaki na kuki.

Lugha ambayo kivinjari na seva huzungumza, HTTP, iliundwa bila kumbukumbu. Unafungua ukurasa wa vyumba, seva inakupa. Unafungua ukurasa wa bei, inakupa pia, lakini haijui kwamba ni wewe yule yule wa sekunde tatu zilizopita. Kwa mtu anayesoma makala hilo halina shida. Kwa mnunuzi ni balaa: unaweka shati kapuni, ukigeuka kapu ni tupu. Mwaka 1994 Lou Montulli, mhandisi kijana wa kampuni ya Netscape, alikutana na tatizo hilo hilo. Mteja mmoja wa kampuni alitaka kufungua duka la mtandaoni, na hakutaka seva zake zibebe kapu la kila mpita njia. Montulli akabuni kipande kidogo cha maandishi ambacho seva inakikabidhi kivinjari, na kivinjari kinakirudisha kila kinapokuja tena.

Aliyewahi kushika kadi ya hospitali ameshaielewa kuki. Kadi haina ugonjwa wako, ina namba. Faili liko masjala. Unapoonyesha kadi dirishani, mhudumu anavuta faili na kuendelea pale mlipoishia. Kwa hiyo anayekwambia kuki ni maandishi madogo tu yasiyo na madhara hajasema uongo, ila amekuonyesha kadi na faili akalificha.

Sasa mfikirie mhudumu mmoja uliyemwona dirishani hospitalini, kisha ukamkuta huyo huyo duka la dawa, sokoni, shuleni kwa mtoto na kwenye ofisi ya mikopo, na kila mahali anataka kuiona kadi ile ile aliyokupa yeye. Huyo hafanyi kazi ya hospitali wala ya duka. Anajaza faili lake. Hiyo ndiyo kuki ya mtu wa tatu: anayeiweka ni kampuni ambayo kipande chake kimepachikwa ndani ya tovuti uliyoifungua, pengine kitufe, pengine ramani au video, pengine picha ya nukta moja isiyoonekana kwa macho. Gazeti la Financial Times liliandika habari za kuki Februari 1996, na hapo watu wa kawaida ndipo walipoanza kujua kwamba kompyuta zao zilikuwa zimebeba kadi hizo kwa zaidi ya mwaka.

Vivinjari vimejaribu kumfukuza mhudumu huyo. Firefox ilianza 2019 kuwazuia wafuatiliaji wanaojulikana, bila mtumiaji kuombwa afanye lolote. Safari ya Apple ilizizuia kuki zote za watu wa tatu Machi 2020. Chrome ya Google iliahidi Januari 2020 kwamba itaziondoa ndani ya miaka miwili, ikaahirisha, ikaahirisha tena, na Julai 2024 ikaachana na mpango huo. Google, msomaji asisahau, hula kwa matangazo.

Baada ya aibu ya California nilirudi kwenye tovuti ya ndugu yangu na daftari mkononi. Njia yenyewe ni nyepesi, haihitaji ufundi. Fungua dirisha la faragha la kivinjari ili usichanganye na kuki zako za zamani, kisha ingia kwenye tovuti kama mgeni. Kwenye kompyuta, bonyeza F12. Itafunguka sehemu ya mafundi, na ndani yake kuna orodha ya kuki: jina la kila moja, aliyeiweka, na siku itakayokufa. Pembeni kuna orodha nyingine ya kila seva ambayo ukurasa umeiita ili uonekane. Hii ya pili ndiyo iliyoninyamazisha.

Tovuti yenyewe ilikuwa imeweka kuki mbili tu. Moja ilikumbuka lugha aliyochagua mgeni, nyingine ilishikilia fomu ya kuomba chumba mpaka kivinjari kifungwe. Zilizobaki zote zilikuwa za watu. Google Analytics ilikuwamo, kwa kuwa fundi aliiweka "ili mjue wangapi wanaingia". Kuki yake iitwayo _ga imepangiwa miaka miwili, ingawa tangu 2022 Chrome hairuhusu kuki yoyote kuishi zaidi ya siku 400. Pikseli ya Meta ilikuwamo, na kuki yake _fbp ya siku 90, mabaki ya tangazo moja la Facebook lililolipiwa msimu mmoja na kusahauliwa. Ramani ya Google. Video ya YouTube ya bahari ikiwa shwari alfajiri. Hata fonti, yaani umbo la herufi zenyewe, ilikuwa inaletwa kutoka seva za Google kila mgeni anapofungua ukurasa, maana yake anwani ya IP ya mgeni inafika huko kabla hajasoma neno. Ndugu yangu hakujua hata moja kati ya hayo. Ripoti za Analytics, zilizokuwa sababu ya yote, alikuwa hajawahi kuzifungua.

Utasema hayo ni ya Google na Meta, wakaulizwe wao. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ililikataa jibu hilo Julai 2019, katika kesi ya Fashion ID, duka la nguo la mtandaoni la Ujerumani lililokuwa limepachika kitufe cha "Like" cha Facebook. Majaji walisema mwenye tovuti anawajibika pamoja na Facebook kwa hatua ya kukusanya taarifa za mgeni na kuzipeleka, kwa sababu aliyefungua mlango ni yeye. Yanayofanywa na Facebook baadaye ndiyo yasiyomhusu. Na kuhusu fonti, Januari 2022 mahakama ya Munich ilimwamuru mwenye tovuti mmoja kumlipa mgeni wake euro 100 kwa jambo hilo tu. Euro 100 si pesa ya kufilisi mtu. Ila fikiria kushtakiwa kwa sababu ya umbo la herufi.

Kuki, hata hivyo, ndizo sehemu ndogo. Sera nyingi hujaza kurasa tatu za kuki na kuipa fomu mstari mmoja, ilhali mzigo mzito uko kwenye fomu. Fomu ya Pangani iliuliza jina, barua pepe, simu, uraia, namba ya pasipoti, namba ya ndege na saa ya kutua, majina na umri wa watoto, na mwisho likaja swali la ukarimu: kuna chakula usichokula au kinachokudhuru? Hapo nilisimama. Mgeni anayejibu kwamba ana kisukari, au kwamba karanga zinamziba pumzi, ametoa habari za afya yake. Anayejibu kwamba hali nguruwe, au kwamba siku hizo atakuwa amefunga, ametaja dini yake. Afya na dini, kwa sheria ya Tanzania, ya Kenya na ya Ulaya, ni taarifa nyeti, zenye ulinzi mkali kuliko jina na simu. Na majibu hayo yalikuwa yanakwenda wapi? Kwenye barua pepe moja inayofunguliwa na watu wanne kwa nywila moja. Kisha aliyeiona kwanza anaipiga picha ya skrini na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi, ili mpishi, dereva na dada wa usafi wajiandae. Ndani ya kundi hilo alikuwamo bado mpishi aliyeacha kazi miaka miwili nyuma.

Nikajaribu kuyaandika kama yalivyo, kwa kuwa ndiyo kweli yenyewe: "Namba ya pasipoti yako na maradhi yako tutavituma kwenye kundi la WhatsApp lenye watu ambao hatuwakumbuki wote." Haikuandikika. Hapo ndipo nilipoiona faida ya kazi hii ambayo hakuna aliyekuwa amenieleza: sentensi unayoona haya kuiandika inakuonyesha jambo la kuacha. Kabla sera haijapata hata aya moja, tuliifumua fomu. Pasipoti tukaitoa, mgeni ataionyesha mezani akifika. Majina ya watoto tukayatoa pia, tukabakisha idadi na umri, kwa sababu tunachotafuta ni kitanda cha kuwatosha. Swali la chakula lilibaki, mpishi analihitaji kweli, lakini pembeni yake tukaandika kwamba si lazima kujibu. Kundi la WhatsApp likavunjwa, likaundwa jipya lisilopokea picha za fomu. Pikseli ikang'olewa, Analytics ikang'olewa, fonti zikahamishiwa kwenye seva yetu, ramani ikawa picha ya kawaida yenye kiungo, na video ikafichwa nyuma ya picha isiyoiita YouTube mpaka mgeni abonyeze. Fundi alinung'unika kidogo.

Asidhani mtu huu ni ushamba wa nyumba ndogo. GitHub, ambako waandika programu wa dunia nzima huhifadhi kazi zao, iliondoa kuki zote zisizo za lazima Desemba 2020, na kwa kuwa hapakuwa tena na cha kuombea ruhusa, ikaliondoa na lile bango linalomrukia mgeni usoni.

Bango hilo lina historia yake. Pwani tunafundishwa mapema kwamba hodi ni mara tatu, usipojibiwa unarudi ulikotoka. Kimya si karibu. Sheria ya Ulaya juu ya kuki, iliyoanza kama agizo la 2002 na kukazwa 2009, haiko mbali na adabu hiyo. Usiweke wala usisome kitu kwenye kifaa cha mtu bila ridhaa yake, isipokuwa kile cha lazima kwa huduma aliyoiomba mwenyewe. Kuki ya lugha na ya fomu hazipigi hodi. Ya matangazo inapiga. Kampuni zikaanza kutafuta mianya. Planet49 ya Ujerumani, iliyoendesha bahati nasibu mtandaoni, ilimwekea mchezaji kisanduku kilichokwisha kutiwa tiki. Oktoba 2019 mahakama ile ile ya Ulaya ikasema hiyo si ridhaa, na kwamba mgeni lazima aambiwe kuki itakaa muda gani na kama kuna wengine wanaoweza kuifikia. Mwisho wa 2021 mamlaka ya faragha ya Ufaransa, CNIL, ikaitoza Google euro milioni 150 na Facebook milioni 60 kwa kosa ambalo kila mwenye simu analijua: kukubali ni bonyezo moja, kukataa ni safari. Kampuni ya namna hiyo ni mgeni anayepiga hodi akiwa amekwisha keti sebuleni na miguu ameinyoosha.

Kwa hiyo ukibakiwa na kuki za kuombewa ruhusa, weka vitufe viwili vyenye ukubwa sawa na rangi sawa, kubali na kataa, na usiziweke kuki hizo kabla ya jibu. Hili la mwisho ndilo linalovunjwa zaidi. Ukilipima kwa F12 utakuta mabango mengi ni mapambo: kuki zimekwisha kuingia huku bango likiuliza kama ziingie.

Je, mwenye vyumba sita Pangani anahusika na sheria za Ulaya? Kanuni ya Jumla ya Ulinzi wa Data, GDPR, iliyoanza kutumika 25 Mei 2018, inamfuata hata aliye nje ya Ulaya iwapo anawalenga watu walioko huko kwa bidhaa au huduma. Tovuti kuweza kufunguliwa Berlin hakutoshi. Lakini yenye bei kwa euro, kurasa za Kijerumani na Kiitaliano, na tangazo lililolipiwa lionekane Milano, hiyo imekwenda sokoni huko kwa miguu yake.

Nyumbani nako mambo yamebadilika. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na Tume ya kuisimamia, PDPC, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Anayekusanya au kuchakata taarifa za watu anatakiwa kujisajili kwa Tume, na taarifa zinazovuka mpaka zina masharti yake. Hilo la mpaka linagusa tovuti zetu nyingi kuliko wenyewe wanavyodhani, maana seva tunazokodi kwa bei nafuu mara nyingi ziko Ulaya au Marekani.

Kenya ilitangulia. Katiba ya 2010 inataja haki ya faragha katika Ibara ya 31, na Sheria ya Ulinzi wa Data ilianza kutumika Novemba 2019. Kifungu chake cha 29 ningemshauri kila anayeandika sera akisome, hata kama tovuti yake iko Tanga, kwa sababu kimekaa kama maswali ya mgeni mwenye akili. Mnachukua taarifa zangu kwa sababu gani? Nani mwingine atapewa, na kwa ulinzi gani? Ninyi ni nani, mnapatikana wapi? Mnazihifadhije? Ni lazima nijibu au ni hiari, na nikikataa itakuwaje? Nina haki zipi? Ukiyajibu hayo kwa unyoofu umekwisha kuandika sera. Kilichobaki ni kupanga aya.

Na adhabu zipo. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya ilitoza faini tatu kwa mpigo. Shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kubandika mtandaoni picha za wanafunzi wadogo bila ridhaa ya wazazi. Sehemu moja ya starehe ilitozwa 1,850,000 kwa kutumia picha ya mteja wake kwenye mitandao bila kumuuliza. Kampuni ya mikopo ya simu ilitozwa 2,975,000 kwa kuchukua majina na namba za watu kutoka kwa watu wengine na kuwatumia vitisho. Hakuna hata kosa moja lililohitaji utaalamu wa kompyuta. Ni picha na namba za simu. Mwenye nyumba ya wageni anayewapiga picha watoto wa wageni wakichezea mchanga na kuziweka ukurasa wa mbele yuko karibu zaidi na faini hizi kuliko alivyo karibu na zile za Google.

Tukaingia kwenye kuandika, na hapo adui ni lugha yenyewe. Mwaka 2008 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Aleecia McDonald na Lorrie Cranor, walikadiria kwamba Mmarekani wa kawaida akisoma sera ya kila tovuti anayoingia atatumia saa 200 na zaidi kwa mwaka. Hakuna anayesoma hivyo, na waandishi wengi wa sera wanaandika wakilijua hilo. Kwetu tatizo ni mara mbili, kwa kuwa sera iko Kiingereza na msomaji yuko Kiswahili. Hilo nalo lina mfano wa kisheria: Julai 2021 mamlaka ya Uholanzi iliitoza TikTok euro 750,000 kwa sababu watoto wa Kiholanzi walikuwa wakipewa maelezo ya faragha kwa Kiingereza. Mamlaka hiyo haikusema kwamba maelezo yenyewe yalikuwa ya uongo. Ilitosha kwamba mtoto hawezi kuyaelewa.

Lakini kutafsiri neno kwa neno hakutoki salama pia. Nimekutana na sera za Kiswahili zinazosema "data yako ya kibinafsi huchakatwa kwa misingi ya maslahi halali", na nikajiuliza nani wa Pangani ataielewa. Kuchakata, mkoa ule, ni habari ya mkonge. Neno limekwisha kuingia kwenye sheria na siligombi, ila mahali pa kulitumia ni kwenye fomu ya Tume. Mgeni aambiwe "tunasoma", "tunaandika", "tunampa dereva". Na kuna maneno matatu ambayo mimi nikiyaona kwenye sera nayapiga mstari mwekundu: washirika, kuboresha, na tunaweza. "Tunaweza kuwashirikisha washirika wetu taarifa zako ili kuboresha huduma." Nani? Taarifa gani? Mnafanya au hamfanyi? Sentensi ile ina maneno tisa na haijasema kitu. Vivyo hivyo "tutahifadhi kwa muda unaohitajika". Weka namba. Kama kumbukumbu za malipo lazima zikae miaka 5 kwa sababu ya kodi, andika miaka 5, na sababu uiandike pia. Msomaji haudhiki na kodi, anaudhika na ukungu.

Hii ndiyo tuliyoibandika mwishowe, nikiwa nimeondoa jina la nyumba:

"Ukiomba chumba tunakuuliza jina, barua pepe, simu, idadi ya wageni na umri wa watoto, ili tukuwekee chumba na tukupate mambo yakibadilika. Ukitaka tukupokee uwanja wa ndege tunaomba na namba ya ndege. Dereva anapewa jina lako, simu na namba hiyo, basi. Ukitueleza chakula usichokula, atakayejua ni mpishi, na maelezo hayo tunayafuta ukishaondoka. Malipo ya kadi yanafanyika kwenye ukurasa wa kampuni ya malipo. Namba ya kadi yako haitufikii. Stakabadhi tunazitunza miaka 5 kwa ajili ya kodi. Mawasiliano mengine tunayafuta mwaka mmoja baada ya safari yako. Tovuti hii ina kuki mbili: moja inakumbuka lugha uliyochagua kwa siku 30, nyingine inashikilia fomu yako na inakufa ukifunga kivinjari. Za takwimu na za matangazo hatuna. Ukibonyeza video, YouTube itajua na inaweza kuweka kuki zake. Seva tunayokodi iko Ujerumani. Hatuweki picha yako mtandaoni bila kukuuliza. Ukitaka kuona tulichonacho juu yako, kukisahihisha au kukifuta, mwandikie meneja. Atakujibu ndani ya siku 7. Usiporidhika, lalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi."

Haifiki maneno mia mbili. Mwanasheria aliyeipitia aliongeza mistari michache, ukiwamo wa kueleza tutafanya nini taarifa zikivuja, na alikuwa na haki. Tovuti ya hospitali, shule au benki itahitaji kurasa nyingi zaidi na mwanasheria tangu siku ya kwanza. Juu kabisa tukaweka tarehe, kwa sababu sera inazeeka kila fundi anapogusa tovuti.

Mwezi uliopita fundi yule alipendekeza tuweke kidirisha cha mazungumzo pembeni mwa ukurasa, wageni waulize bei hapo hapo. Nimemwomba kwanza aniandikie sentensi moja ya kuongeza kwenye sera: mazungumzo hayo yatakaa wapi, na nani atayasoma. Bado naisubiri.